Je, Anayepewa Ana Haki ya Kusema "Haifai"?



Siku moja kulikuwa na matanga katika mtaa wetu. Mama mmoja asiyeona, ambaye wengi mnamjua kwa sauti yake katika kwaya, alifika amevaa kitenge chenye maua makubwa ya njano na mekundu, kile anachovaa arusini. Mjukuu aliyempa nguo asubuhi alikuwa na haraka ya kwenda kuteka maji. Watu walinong'ona. Mtu akikosa macho, mnong'ono haumpiti. Aliusikia wote.

Niliposema nguo zake zitiwe alama za kupapasa, ndugu mmoja aliniuliza: asiyeona rangi, rangi inamfaa nini? Tena hapa kambini, ambako mgao wa chakula wenyewe ni wa kuhesabu? Swali si baya. Lakini hata mimi shati langu siliangalii mchana kutwa. Wanaoliona ni ninyi. Kwa nguo zetu tunasema neno kwa wenzetu, na siku ile mama yule alisemeshwa neno ambalo hakulikusudia, mbele ya wafiwa.

Basi vijana wanaojifunza ushonaji wakaanza. Kwanza walikata vipande vya karatasi ngumu wakavifunga ndani ya nailoni. Maji ya kwanza yalivimaliza. Kisha wakashona vifungo: kimoja kwa blauzi nyeupe, viwili kwa nyeusi, hivyo hivyo hadi vitano. Tulifumba macho, tukapapasa, tukahesabu, tukafurahi. Tulipompelekea, alisema, "Asanteni sana wanangu, Mungu awabariki." Tukarudi nyumbani tukijua kazi imekwisha.

Wiki tatu baadaye nilivikuta vifungo vyake ndani ya kikopo. Vingine vilivunjika nguo zilipopigwa juu ya jiwe. Vingine alivikata mwenyewe kwa wembe, kwa sababu vinne na vitano vilimchanganya, na vilimuumiza shingo. Mbona hakutuambia? Alicheka kidogo. "Mtu akikuletea kitu kwa mikono miwili, utamwambiaje kwamba hakifai?"

Jibu hilo lilinichoma, maana ni letu sote. Nani kati yetu hajasimama mstarini akapokea sufuria isiyotosha ugali wa watu wanane, au viatu visivyoingia mguuni, kisha akasema asante? Tuliogopa kwamba anayelalamika leo ataachwa kesho. Sasa safari hii waliokaa upande wa pili wa meza walikuwa sisi, na hatukuona kwamba mama naye anaogopa.

Kosa hili ni la zamani. Paris, mwaka 1785, Valentin Haüy alifungua shule ya vipofu. Alikuwa mtu mwema, mwenye macho yake mawili. Vitabu vyake vilikuwa na herufi za kawaida zilizoinuliwa kwenye karatasi: jicho lilizisoma vizuri, lakini kidole kilizifuata polepole. Louis Braille, aliyepofuka akiwa mtoto, alisoma katika shule hiyo. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15, alikwisha kutunga maandishi ya nukta nundu, nukta sita tu zinazoenea chini ya ncha ya kidole. Wanafunzi wenzake waliyapenda. Ufaransa iliyakubali rasmi mwaka 1854, miaka miwili baada ya yeye kufa. Wenye macho walichelewa hivyo kuamini vidole vya wasioona.

Nayo habari ya Bartimayo nimeisoma mara nyingi bila kusimama pale panapostahili. Kila mtu njiani aliona shida ya yule mtu ni nini. Hata hivyo Yesu alimuuliza anataka afanyiwe nini.

Mara ya pili hatukufumba macho. Mama mwenyewe aliketi na vijana. Nguo zilifuliwa mara kumi kwa sabuni ya kipande, zikapigwa jiweni, zikaanikwa juani, naye alizipapasa zikiwa kavu na zikiwa mbichi, tena kwa vidole vilivyotoka kushika jembe. Mafundo ya sufi yalilainika hadi yakapotea. Uzi wa nyavu za samaki ulidumu. Alama alizikataa nne, na kijana mmoja akanuna, akisema mama hana shukrani. Nadhani kijana alitaka kushukuruwa kuliko alivyotaka mama avae vizuri. Namwelewa, maana nami nilikuwa hivyo.

Zilizobaki ni tatu: fundo moja, mstari mfupi, na msalaba mdogo kwa nguo za msiba. Zote zimeshonwa ndani ya pindo la chini, mbali na shingo. Mahali pale alipachagua yeye.

Juzi nilipita kwake nikakuta alama ya kile kitenge cha maua imekatwa. Nikadhani tumeshindwa tena.

"Hapana," akasema. "Hicho nakijua kwa uzito wake. Huo uzi wekeni kwa ajili ya blauzi."