Chanzo cha Mtetemo na Mamlaka ya Kukitaja

Pikipiki inapotetemeka kiasi cha kuvitia ganzi vidole vya dereva, swali la chanzo huonekana kuwa la fundi peke yake, lakini ndani yake limo swali la kale la falsafa: katika mambo mengi yanayokutana ili tokeo moja litukie, ni lipi linalostahili kuitwa sababu, na ni nani mwenye haki ya kulichagua? Mwanafalsafa John Stuart Mill, katika kitabu chake A System of Logic cha mwaka 1843, alishikilia kwamba sababu, kwa maana kamili, ni jumla ya masharti yote ambayo yakitimia tokeo hufuata. Mwanafalsafa R. G. Collingwood, katika kitabu chake An Essay on Metaphysics cha mwaka 1940, alieleza kwamba katika kazi za vitendo sababu ni lile sharti ambalo mwenye kulitaja ana uwezo wa kulianzisha au kulizuia. Gereji ni mahali pazuri pa kuwapambanisha wawili hawa, kwa kuwa mtetemo haushawishiki kwa maneno.

Kwanza hapana budi kutenga mtetemo ulio tabia ya mashine na ule ulio kasoro. Pikipiki nyingi za bodaboda zina injini ya silinda moja, ambayo pistoni yake hupanda, husimama na kushuka katika kila mzunguko wa krenki, yaani mhimili unaogeuza mwendo wa juu na chini kuwa wa mzunguko. Waundaji huweka kwenye krenki uzito wa kusawazisha, lakini uzito huo huzunguka ilhali pistoni huenda katika mstari ulionyooka, na kwa hiyo msukumo unaofutwa katika mstari wa pistoni huzuka upya katika mstari unaoukata huo. Ndiyo maana husawazishwa sehemu tu ya msukumo, na baadhi ya injini huongezewa mhimili mwingine unaozunguka kinyume, mbinu iliyoendelezwa na mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester mwanzoni mwa karne ya 20. Fundi anayeahidi kuukomesha kabisa mtetemo wa injini isiyo na mhimili huo anaahidi asichoweza.

Katika uchunguzi wa kasoro, Mill ndiye mwenye zana bora. Kanuni yake ya mabadiliko yanayoandamana husema, kwa ufupi, kwamba jambo linalobadilika kila linapobadilika jingine lina uhusiano wa kisababishi nalo. Injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika hutikisika mara 100 kwa sekunde, ilhali gurudumu lenye mzingo wa karibu mita 1.8, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, huzunguka takriban mara tisa tu kwa sekunde. Kwa hiyo mtetemo wa injini huhisika mkononi kama mvumo unaowasha, na wa gurudumu kama mtikisiko ambao mtu angeweza karibu kuuhesabu. Dereva akishika mwendo uleule kwa gia ya tatu kisha ya nne, katika barabara tupu, mzunguko wa injini hushuka lakini wa gurudumu haubadiliki, na mtetemo ukibadilika pamoja na injini, basi tairi, rimu iliyopinda na spoku zilizolegea si washukiwa wa kwanza. Akibana klachi na pikipiki ikaendelea kubingirika, mtetemo unaobaki huelekeza kwenye gurudumu na beringi zake. Cheni ndiyo yenye hila: mtetemo wake hufuata mwendo wa gurudumu, lakini hupungua klachi inapobanwa kwa sababu haivutwi tena na injini, na fundi aliyefanya jaribio la pili bila la kwanza anaweza kufungua injini nzima bure.

Hata hivyo, kanuni hiyo huonyesha uhusiano, wala haihukumu. Mtetemo unaofuata injini unaweza kutoka katika injini isiyo na dosari yoyote, ikiwa bolti inayoifunga kwenye fremu imelegea, au ikiwa usukani una kasi yake ya asili ya kutikisika inayolingana na mapigo ya injini, hali iitwayo resonansi, ambamo msukumo mdogo hukuzwa kwa kuwa kila pigo huwahi kwa wakati wake. Kuongeza uzito kwenye ncha za usukani hushusha kasi hiyo ya asili, na kero hupungua bila injini kuguswa. Je, chanzo kilikuwa injini, bolti, au usukani? Mill angejibu kwamba ni vyote, na jibu lake ni sahihi ingawa halimwambii fundi ashike spana ipi.

Collingwood alitoa mfano wa gari lililoteleza kwenye kona: kwa dereva sababu ni mwendo wake, kwa mhandisi wa barabara ni uso wa barabara, kwa muundaji ni muundo wa gari. Dereva wa bodaboda, tajiri wake na fundi hugawana sababu vivyo hivyo, isipokuwa katika jambo moja zito: mtetemo unaingia katika mikono ya mmoja wao tu. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton aliwachunguza wachonga mawe wa Bedford, Indiana, waliotumia nyundo za upepo na ambao vidole vyao viligeuka vyeupe na kufa ganzi. Pikipiki si nyundo ya upepo, lakini mfano huo unaonyesha kwamba mishipa na neva nazo ni sehemu ya njia ya mtetemo. Dereva anayedaiwa hesabu kila jioni hana siku ya kuiacha pikipiki gereji wala fedha ya beringi, na kwa kipimo cha Collingwood sababu pekee iliyobaki mkononi mwake ni mwendo wake mwenyewe. Kipimo hicho kinaeleza vizuri jinsi watu wanavyotaja sababu, lakini kikichukuliwa kuwa kipimo cha wajibu kinamtwika mzigo mwenye uwezo mdogo kuliko wote, huku bolti iliyolegea ikiendelea kulegea chini ya usukani uliotulizwa kwa uzito.