Basi la Alfajiri

Saa hizi za asubuhi, kule Mbagala na Kimara jijini Dar es Salaam, basi la shule limeshapita. Mtoto wa miaka minne amepandishwa usingizi ungali machoni, begi limemzidi mgongo, uji kaunywa nusu. Mzazi wake hana roho mbaya, anaogopa tu mwanawe asije akaachwa nyuma. Jirani kampeleka wa kwake shule ya mchepuo wa Kiingereza, naye kaona akibaki na ile ya serikali pale mtaani atasemwa.

Tangu Januari 2016, shule za serikali Tanzania hazitozi ada, kuanzia darasa la awali. Ni kweli madarasa mengi yamefurika, na wasiwasi wa mzazi una msingi. Lakini mtoto wa umri huu hujifunza kwa kucheza, kuimba na kuuliza maswali yasiyokwisha, tena kwa lugha ya nyumbani. Na usingizi anauhitaji kuliko daftari la mazoezi.

Kabla hujalipa ada, nenda ukaione shule. Tazama vyoo. Sikiliza mwalimu anavyomjibu mtoto anayelia. Kisha uliza basi litampitia saa ngapi. Wakikwambia saa kumi na moja alfajiri, mzazi mwenzangu, tafuta shule ya karibu.