Fedha ya Chumba Kisicholaliwa

Jubilei iliyofungwa Roma tarehe 6 Januari 2026 ilituletea neema nyingi, lakini pia iliacha swali moja ambalo jamaa kadhaa za Kikristo zingali zikilijadili nyumbani. Tuchukue mhujaji aliyetamani kupita Mlango Mtakatifu. Ubalozi ulimtaka aonyeshe mahali atakapolala. Akatafuta chumba kwa njia ya intaneti, akaona bei mbili kwa chumba kile kile: moja kubwa, ambayo mtu akighairi hurudishiwa fedha yake, nyingine ndogo, isiyorudishwa kamwe. Akachagua ndogo, akalipa kwa michango ya ukoo. Kisha viza ikakataliwa. Je, aweza kuidai fedha ile kwa haki?

Yatupasa kusema kweli, hata ikiuma. Kwa sheria hana dai. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011 humpa mnunuzi wa kutoka mbali siku 14 za kugeuza nia, lakini vyumba vya wageni vilivyowekwa kwa tarehe maalumu vimetengwa na ruhusa hiyo. Wala si sheria tu. Nafuu ile ya bei haikuwa zawadi. Alipewa kwa kuwa alikubali kuibeba hatari yeye mwenyewe. Aliyekwisha kupokea faida ya mapatano hawezi kuukana mzigo wake siku unapomfikia. Nasi twajua wako watafutao hati ya daktari ya uongo, au wazuao msiba wa mzazi aliye hai. Huo ni wizi, ingawa aibiwaye ni tajiri na yuko mbali. (Umbali huwafanya hata watu wema kuuita wizi werevu.)

Hata hivyo neno halijaisha. Mtakatifu Thomas wa Akwino, alipoandika katika karne ya 13 juu ya kuuza na kununua, alifundisha kuwa muuzaji apataye hasara kwa kuachana na kitu chake aweza kuihesabu hasara hiyo katika bei. Bali asiyepata hasara hana ruhusa ya kuuza shida ya mnunuzi, maana shida ile si mali yake. Tukipime chumba cha Roma kwa kipimo hicho. Kama kilibaki kitupu, mwenye hoteli amepata hasara ya kweli, kwa kuwa usiku uliopita hauuziki tena. Fedha ni yake. Lakini kama mhujaji alimwarifu mapema, naye akampangisha mgeni mwingine, amelipwa mara mbili kwa kitanda kimoja. Mkataba wamlinda mbele ya hakimu. Mbele ya dhamiri, kwa maoni yetu, haumlindi. Baba Mtakatifu Leo XIII, aliponena mwaka 1891 juu ya mishahara ya wafanyakazi, alikana kwamba kukubaliana kwa watu wawili kwatosha kulifanya jambo kuwa la haki.

Labda mtu atasema: mbona hakuchukua bei kubwa? Ni kweli, na anayeomba viza afanya vema kuichukua. Lakini tusimhukumu upesi mtu aliyetakiwa kuonyesha malazi kabla hajajua kama ataruhusiwa kusafiri, naye amekwisha kutoa ada ya viza, Euro 90 tangu Juni 2024, ambayo nayo hairudi.

Tena iko njia ya katikati. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipowazuia wahujaji wasifike Lourdes, serikali ya Ufaransa iliziruhusu hoteli kumpa mgeni hati ya kuitumia fedha yake siku nyingine ndani ya miezi 18. Asipoitumia, fedha humrudia. Hapo mwenye nyumba hakufilisika, wala mgeni hakupoteza haki yake.

Basi mhujaji wetu aandike siku ile ile aliponyimwa viza, asingoje hata juma moja, maana kila siku ipitayo yapunguza nafasi ya chumba kupata mgeni mwingine. Aambatishe barua ya ubalozi, ambayo hutolewa kwa maandishi pamoja na sababu. Akiri kwamba aliyajua masharti. Kisha aombe moja kati ya mawili: tarehe ibadilishwe, au, chumba kikipata mpangaji, arudishiwe alicholipa. Na kitakachorudi, kiwe kingi au kidogo, akihesabu mbele ya wale waliomchangia.