Kumwachia Afunge Si Upendo



Ukitaka kujua moyo wa parokia, wengine watakwambia usikilize kwaya au uangalie foleni ya kitubio. Mimi nasema nenda kwenye bonanza la vijana. Pale ndipo tunapoonyesha, bila kujificha, nani tunamhesabu kuwa mwenzetu na nani ni mtazamaji tu.

Chukua Makongolosi, kule Chunya. Mji wa dhahabu, vumbi, jua kali, makarasha yanasaga mawe kutwa nzima. Katika mji kama huo mpira wa jioni si starehe tu, ni kitu kinachomtoa kijana kwenye mashimo au kilabuni kwa saa mbili tatu akakaa na wenzake. Tena ni mji ambao kijana anaweza kushuka shimoni asubuhi akiwa mzima, kifusi kikambadilishia maisha kabla ya jioni. Kwa hiyo tusizungumze juu ya ulemavu kama habari ya "wale". Ni habari ya yeyote kati yetu.

Sasa kijana wa magongo akija kwenye bonanza, tunamfanya nini? Mara nyingi anapewa kulinda mabegi na maji. Wenye huruma zaidi wanamwingiza dakika tano za mwisho, matokeo yakiwa manne bila. Mabeki wanampisha, kipa anajirusha upande usio wake, goli! Makofi, vigelegele, picha kwenye kundi la WhatsApp. Jumapili ijayo analinda mabegi tena.

Hilo tunaliita upendo. Jamani, tuseme ukweli: yule kijana anajua. Anajua kipa alijirusha makusudi. Mchezo ambao huwezi kunyang'anywa mpira si mchezo, ni maigizo, na yeye kapewa sehemu ya kuchekesha roho zetu tujione wema. Papa Fransisko, katika waraka wake Fratelli Tutti wa mwaka 2020, alisema watu wengi wenye ulemavu wanajiona wapo tu, bila kuwa sehemu ya jamii na bila kushiriki. Kuwapo na kushiriki ni vitu viwili. Anayeshiriki anaweza kushinda, na anaweza pia kufungwa kweli kweli, akarudi nyumbani na hasira zake kama sisi wengine.

Angalia Tembo Warriors, tima ya taifa letu ya mpira wa miguu kwa wenye ulemavu. Mwaka 2022 walifika robo fainali ya Kombe la Dunia kule Istanbul, Uturuki. Hakuna aliyewapisha. Wanacheza saba kwa saba. Wachezaji wa ndani wana mguu mmoja na wanakimbia kwa magongo, kipa ana mkono mmoja. Ukiugusa mpira kwa gongo makusudi ni faulo. Waliposhinda walishinda kwa haki, na walipotolewa walitolewa kwa haki. Hakuna huruma pale, kuna kanuni zilizotungwa ili mwili ule uweze kushindana.

Hapo ndipo pa kufikiri. Wengi wetu tunadhani kubadilisha kanuni ni kuharibu mchezo. Lakini goli la kanuni lina upana wa mita 7.32, na sisi tumekua tukicheza chandimu na mawe mawili, mpira wa makaratasi na kamba, refa hakuna. Mbona hatukusema tumeharibu? Tulibadilisha ili watoto tuliokuwepo tucheze. Bwana wetu alipobanwa juu ya Sabato alijibu kwamba iliwekwa kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili yake (Mk 2:27). Kama ni hivyo kwa Sabato, sembuse kwa kona na ofusaidi?

Najua kuna atakayeuliza: na mbuzi je? Zawadi ni mbuzi, tukichanganya timu si tutakosa? Swali la haki kabisa, sitaki kulidharau. Huenda mkakosa. Lakini kama kanuni ni moja kwa timu zote, tuseme kila timu lazima ipange watu kadhaa wa aina hiyo, basi mbuzi bado anagombewa, na kocha ataanza kuwatafuta wale aliokuwa anawapita barabarani.

Mengine wala hayahitaji hela. Kiziwi hasikii filimbi, lakini kibendera cha refa anakiona. Mwenye ualbino anaunguzwa na jua la saa nane. Mechi ikianza saa kumi na nusu, akaruhusiwa kofia na mikono mirefu, nusu ya tatizo limekwisha. Mwaka 2008, nchi ikitikiswa na mauaji ya watu wenye ualbino, Dar es Salaam iliundwa timu ikaitwa Albino United. Kuonekana hadharani ukikimbia na wenzako, miaka ile, lilikuwa jambo la ujasiri.

Halafu kuna yule ambaye mwili wake hauna shida, mfuko ndio una shida. Mchango wa jezi unamtoa kimyakimya. Dada wa kazi za nyumbani, kijana anayepondaponda mawe kwa kibarua cha siku: hawa hawasemi "sina", wanasema "sipendi mpira". Vaeni fulana za kawaida, upande mmoja wafunge kitambaa mkononi. Mpira hautajua tofauti.

Ila msianze kupanga kabla ya kuuliza. Bartimayo alikuwa kipofu, kila mtu aliona shida yake, na bado Yesu alimuuliza anataka afanyiwe nini (Mk 10:51). Huenda yule wa magongo hataki kucheza, anataka kuwa kocha. Huenda anataka kuwa kipa. Huenda mpira haumvutii kabisa, anapenda draft, na atawafunga wote.

Kikao cha maandalizi huwa baada ya Misa ya pili. Kama ukumbi una ngazi, kaeni chini ya mwembe.