Mkaa Hauna Pasipoti

Busia ikitajwa, hakosekani mtu wa kusema: wale watu wanazaa sana, ndiyo maana mashamba hayawatoshi. Na tusidanganyane, hesabu hiyo ina ukweli ndani yake. Sensa ya 2019 ilipata watu 893,681 kaunti nzima, zaidi ya 500 kwa kila kilomita ya mraba. Ekari 3 za babu wakigawana wana 5, halafu wajukuu, hubaki vipande vya kupanda sukuma wiki na kuzikia watu.

Lakini hesabu hiyo hufanywa kana kwamba Busia ni kisiwa. Simama mpakani, hapo au Malaba, utazame malori yanavusha nini: mahindi, ndizi, mbao, mkaa. Kenya iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, sisi hatukuacha kuchoma nyama. Mbao na mkaa vikazidi kutoka Uganda. Kule kaskazini, Acholi, hata miti ya shea ilikatwa, mti unaochukua zaidi ya miaka 10 kabla ya kuzaa, na ambao mafuta yake ni pesa ya akina mama. Mei 2023 Museveni akapiga marufuku biashara ya mkaa huko. Julai mwaka huohuo Ruto akaondoa marufuku yetu. Miaka 5 tuliyojisifu kupumzisha misitu, sehemu ya bili walilipa majirani.

Sasa, huo mti umeliwa na nani? Mama wa Matayos mwenye watoto 6 anapikia kuni za kuokota na mabua ya mahindi. Gunia linampita barabarani likielekea Nairobi, kwa jamaa wa mtoto 1 ambaye kila Jumapili lazima mbuzi achomwe. (Nyama ni tamu, sibishani.) Jamaa huyo hajawahi kuambiwa na mtu kwamba amezidi.

Simaanishi idadi si kitu. Watu wakiongezeka na jiko likibaki lilelile, miti itaisha tu. Mama yule akitaka uzazi wa mpango, aupate, karibu na bila kuulizwa maswali. Ila aupate kwa sababu anautaka yeye, si kwa sababu miti imeisha Gulu. Na gharama ya kupanda tena ile miti iwe ndani ya bei ya gunia Nairobi. Kwa sasa haimo.