Tanuru la Kale na Amri ya Nane

Twaleta mbele yenu neno lililotusumbua tangu masika yaliyopita, wala hatudhani kwamba ni letu peke yetu. Je, yafaa Mkristo aseme uongo kidogo ili kitu chema kisiharibiwe?

Habari yenyewe ni hii. Tulitoka Mpanda kwenda kusini, tukapita Sitalike na hifadhi ya Katavi, hata tukafika Ufipa kwa Wakristo wachache waliokuwa wakijenga kanisa. Mawe ya msingi yalipowapungukia, vijana walikwenda kwenye tanuru la kale lililo nyuma ya mashamba, wakabomoa upande wake mmoja, wakachukua udongo ule mgumu pamoja na mavi ya chuma, wakashindilia msingi. Wengine walichimba chini yake wakitafuta fedha ya Wajerumani, wasipate kitu ila vigae. Nasi, twasema kwa haya, tuliusimamia msingi ule tukausifu kwa ugumu wake, wala hatukuuliza udongo umetoka wapi.

Asiyepata kuyaona matanuru hayo na ajue kwamba Wafipa huyaita malungu. Hujengwa kwa udongo, mara nyingi karibu na kichuguu, nayo huinuka kadiri ya mita 3, mapana chini na membamba juu. Wahunzi walipanga ndani makaa na mawe ya chuma, wakatia moto, na upepo ukaingia wenyewe kwa mirija ya udongo iliyowekwa chini, bila mtu kuvukuta. Baada ya siku kadhaa walitoa chuma kichafu, nacho kikasafishwa katika tanuru dogo lenye mivukuto. Ndiko yalikotoka majembe ya nchi ile. Kazi hiyo ilikoma katika karne ya 20, majembe ya madukani yalipoenea. Bertram Mapunda, mwanachuoni Mtanzania, aliyachunguza mambo hayo kwa miaka mingi, na kitabu chake kilitolewa Kampala mwaka 2010. Alionyesha kwamba hata kabla ya malungu palikuwapo ufundi mwingine karibu na ziwa, wa matanuru mafupi yaitwayo katukutu.

Basi mzee mmoja wa kanisa alihuzunika sana kwa kubomolewa kwa tanuru, akatujia usiku. Akasema, “Baba Mchungaji, tuandikie barua kwa wakubwa, nusu iliyobaki ihifadhiwe. Lakini andika kwamba ni la miaka elfu, maana nimesikia serikali hailindi kitu cha juzi.”

Neno lake lina asili yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyahesabu kuwa kumbukumbu majengo yaliyofanywa na watu kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baadaye lahitaji kwanza Waziri alitangaze.

Kesho yake tukamwendea babu mmoja, mkongwe kuliko wote wa kijiji, tukamwuliza. Akajibu pasipo kusita kwamba tanuru lile lilijengwa na babu yake mzaa baba, na kwamba yeye mwenyewe alipokuwa mtoto alionyeshwa mahali alipoketi akingoja moto. Hesabu ya vizazi haitoshi kulifikisha hata mwaka 1863.

Mzee wa kanisa hakuridhika. Akasema, wataalamu na waje wapime makaa. Tukamweleza kadiri tulivyojifunza. Mti ulio hai huvuta kaboni ya hewani. Ukifa huacha kuvuta, na sehemu moja ya kaboni hiyo hupungua polepole, hata baada ya miaka 5,730 hubaki nusu. Njia hii ilitangazwa na Mmarekani Willard Libby mwaka 1949. Lakini makaa hutaja mwaka ambao mti ulikufa, si siku ya moto. Aliyechoma gogo la kale atampa mpimaji umri wa gogo. Tena kwa vitu vya miaka mia tatu hivi iliyopita kipimo hiki huleta majibu kadhaa kwa mara moja, kisijue kuchagua. Hapo neno la babu lina nguvu kuliko makaa. Kijana mmoja akaingilia kati, akasema kwamba kule Kalambo, mpakani na Zambia, ilitangazwa mwaka 2023 kuwa yameonekana magogo yaliyochongwa na kuunganishwa na watu miaka 476,000 iliyopita, basi sisi tuone haya kusema elfu? Tulicheka, ila moyoni hatukucheka. Magogo ya Kalambo yalipewa umri wake na mchanga uliopimwa kwa uangalifu, wala hayakupewa na wivu wa jirani.

Tuliwaza sana njiani. Uongo ule ungemdhuru nani? Twaona ya kuwa ungemdhuru yule babu kwanza, maana tungemfuta mhunzi mwenye jina, aliyewalisha watu kwa majembe yake, tukaweka mahali pake watu wa miaka elfu wasio na jina. Amri ya Nane yakataza kumshuhudia jirani uongo, nasi hatuoni kwamba jirani huacha kuwa jirani kwa kuwa amekufa. Tena ni nani aliyesema kitu hupata thamani kwa uzee tu? Ngome ya Karema, huku kwetu Katavi kando ya Tanganyika, ilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1879, wakawaachia Mapadre Weupe mwaka 1885. Sheria huiona ni changa, lakini hatujasikia mtu akiidharau kwa hiyo.

Mwinjilisti wa mahali pale alikuwa na neno jingine. Wahunzi wa kale, alisema, walizika dawa chini ya matanuru. Je, Kanisa litaombea ulinzi wa dawa? Ni swali la haki. Tulimkumbusha Tubal-kaini, mfua chuma wa ukoo wa Kaini, ambaye Maandiko yanamtaja na ufundi wake bila kumficha. Tena mapema, mwaka 1914, padre mmoja aitwaye Wyckaert aliandika juu ya wahunzi wapagani na wahunzi Wakristo wa Tanganyika. Kuilinda alama ya kazi si kuiabudu. Hata hivyo hatukumshawishi kabisa, nasi hatukumlazimisha.

Barua tuliiandika. Tulisema: tanuru hili lilijengwa na babu wa mzee aliye hai, na nusu yake imevunjwa na Wakristo wetu kwa ujenzi wa kanisa, mchungaji akiwapo. Mzee wa kanisa aliisoma mara mbili, akasema itatupwa. Jibu halijafika. Vijana walitaka kulipaka tanuru saruji wapate kutubu. Tukawazuia, kwa kuwa saruji hufungia maji ndani na udongo ukaporomoka. Wamelijengea paa la nyasi, na babu huenda jioni kutazama kama linavuja.