Hadhari na Ukali

Methali za Kiswahili huonekana kugombana juu ya jambo hili. Moja husema kuwa haraka haraka haina baraka. Nyingine husema kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Moja hutukumbusha kuwa kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Nyingine humcheka achelewaye hata akamkuta mwana si wake. Mtu asiyefikiri huchagua methali ipatanayo na tabia yake, akaishika kama ngao ya udhaifu wake. Lakini wahenga hawakutuachia methali ili kila mtu ajipatie udhuru. Walijua kuwa hadhari ina wakati wake, na ukali una wakati wake. Swali gumu si lipi kati ya mambo hayo mawili ni jema, maana yote mawili yaweza kuwa mema. Swali gumu ni lini kila moja huwa haki, na kwa gharama ya nani.

Swali hili ni la kale, walakini katika zama zetu limepata uwanja mpya. Kila usiku vijana wengi, na wanafunzi miongoni mwao, huketi mbele ya kompyuta, wakaunganishwa kwa intaneti na watu wasiowajua, wakapigana vita vya mchezo, watano kwa watano. Katika michezo ya namna hiyo ni michache ifaayo kwa uchunguzi wa maadili kama ule uitwao Counter-Strike. Mchezo huu ulitungwa mwaka 1999 na vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, uwe nyongeza ya mchezo mwingine ulioitwa Half-Life. Kampuni ya Valve iliutoa kuwa bidhaa yake mwaka 2000, na toleo liitwalo Counter-Strike 2 lilitoka mwaka 2023. Kanuni zake ni chache na kali, na kwa sababu hiyo tabia ya mchezaji haikawii kuonekana.

Kikosi kimoja hushambulia na kingine hulinda. Washambuliaji wana bomu, ambalo wanapaswa kulitega katika moja ya sehemu mbili za uwanja. Walinzi huwazuia, na bomu likiisha kutegwa hujaribu kulitegua. Duru moja ni dakika 1 na sekunde 55. Bomu lililotegwa hulipuka baada ya sekunde 40, na kulitegua huhitaji sekunde 10, au 5 kwa aliyenunua vifaa vya kazi hiyo. Aliyeuawa harudi mpaka duru iishe. Hukaa kimya cha kaburi akiwatazama wenzake waliosalia. Silaha hununuliwa kwa fedha za mchezo, na anusurikaye huingia na silaha yake katika duru inayofuata. Baada ya duru 12 vikosi hubadilishana kazi, ili kila kikosi kionje tamu na chungu ya kushambulia na ya kulinda. Kitanguliacho kupata duru 13 hushinda.

Katika uwanja huu hadhari ina bei yake. Akimbiaye husikika hatua zake. Anyataye hasikiki, lakini hulipa kwa sekunde, na sekunde ni 115 tu. Ukali nao una bei yake, maana arukaye mlangoni kabla ya kuchungulia aghalabu hukutana na risasi iliyokuwa ikimngoja. Kwa hiyo wengi husema kuwa mchezaji mwema ni yule achanganyaye hadhari na ukali nusu kwa nusu, kama mpishi achanganyavyo viungo chunguni. Maneno haya ni mepesi kutamka, lakini hesabu yake ni mbaya. Watano wakiingia pamoja katika sehemu inayolindwa na wawili, walinzi hawapati nafasi ya kuwapiga wote. Wakiingia wawili, na watatu wakasita mlangoni, walinzi wale hupambana na wawili, kisha na mmoja mmoja wa wale waliosita. Ukali ulikuwapo na hadhari ilikuwapo, kila kitu karibu nusu yake, na kikosi kizima kimekwisha. Kama wote wangaliingia, labda wangalishinda. Kama wote wangalingoja, wangalau wangalikuwa hai.

Hapa yaonekana kosa la kwanza la wale watafutao kiasi. Wanakitafuta ndani ya kifua cha mtu mmoja, hali kimo baina ya watu watano. Aristotle alifundisha kuwa ushujaa u kati ya woga na ujuba, lakini hakusema kuwa u katikati kama alama iliyopigwa kwenye kamba. Alitaka mtu aogope na athubutu kwa sababu ipasayo, wakati upasao na kwa njia ipasayo. Kabla yake, katika mjadala wa Plato uitwao Laches, jemadari mmoja wa Athens aliulizwa ushujaa ni nini. Alijibu kuwa shujaa ni yule akaaye katika safu yake akamkabili adui wala asikimbie. Socrates alimkumbusha Waskithi, wapiganao huku wakikimbia, na Wasparta, ambao huko Plataea walirudi nyuma, kisha wakageuka na kushinda. Jemadari alitatizika, na mjadala ule ulikwisha bila ya jibu kamili. Hata hivyo umetuachia funzo moja: kurudi nyuma na kwenda mbele ni miendo ya miguu, na miguu peke yake haiwezi kutuambia nani shujaa na nani mwoga.

Na tuitazame hadhari kwanza. Mlinzi mmoja amesalia. Wenzake wanne wamekufa, washambuliaji watatu wanalinda bomu, na sekunde zilizobaki ni 15. Mikononi anayo bunduki ya mdunguzi iliyonunuliwa kwa dola 4,750 za mchezo. Akienda, atakuta watu watatu wakimngoja, na hata akiwashinda huenda muda wa kutegua usitoshe. Akirudi nyuma, duru imepotea, lakini bunduki imeokoka. Kikosi kilichoshindwa hupewa fedha ya kujikimu, kila mchezaji dola 1,400 au zaidi, nayo haipiti 3,400 hata wakishindwa mara nyingi mfululizo; fedha hiyo peke yake hainunui bunduki kama ile. Basi anarudi nyuma. Wenzake wanaomtazama huenda wakamwita mwoga, na macho ya wafu ni mazito. Lakini mtu huyu hakujiokoa nafsi yake tu. Amebeba mali ya watano, na kesho yao imo mikononi mwake. Hadhari yake ni amana.

Mshambuliaji afanyaye vivyo hivyo hahesabiwi vivyo hivyo. Kanuni za mchezo zasema kuwa mshambuliaji aliyejificha akanusurika mpaka muda ukaisha, na bomu halikutegwa, hapati hata dola moja katika duru hiyo, hali mwenzake aliyekufa akijaribu hupata fedha ya kujikimu. Kanuni hii ina hekima kuliko vitabu vingi. Mlinzi na mshambuliaji wote wawili walijificha, na wote wawili waliokoka. Lakini mmoja alikuwa amekwisha kujaribu wajibu wake ukamshinda, na mwingine aliukimbia wajibu wake kabla ya kuujaribu. Sura ya hadhari ni moja. Wajibu ndio uitenganishao na woga.

Ipo hadhari nyingine ambayo kanuni haziwezi kuiadhibu, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Wachezaji wawili wanapita katika mlango mmoja. Wa kwanza anapigwa, na kwa kufa kwake adui aliyejificha amejulikana mahali alipo. Wa pili, aliye hatua moja nyuma, anampiga adui huyo papo hapo. Haya ni mapatano ya haki. Wa kwanza hakukubali kutangulia kwa sababu haupendi uhai wake, bali kwa sababu anaamini kuwa kifo chake hakitakwenda bure. Sasa wa pili na achelewe kwa sekunde mbili tu. Adui amekwisha kurudi mafichoni, na kifo cha wa kwanza hakikununua kitu. Tena yuko yule achelewaye kwa kusudi, kila duru, akiwaacha wenzake watangulie wachoshe risasi za adui, ili yeye aje nyuma kuvuna asichopanda. Mchezo ukiisha, jedwali la hesabu humwonyesha kuwa ameua wengi na kufa mara chache. Kikosi chake kimeshindwa, na yeye anawakaripia wenzake kwa uzembe. Jedwali limemsifu, ni wale wanne tu wajuao kuwa alifanya miili yao ukuta wake.

Ukali nao una mwana wake wa haramu. Mwenye pupa hukimbia mbele peke yake, hupigwa, kisha hulalamika kuwa hakufuatwa. Lakini aliwaambia saa ngapi kuwa anakwenda? Alitaka sifa ya kutangulia bila ya taabu ya kupatana. Kwa sekunde chache za fahari amewanyang'anya wenzake mtu wa tano, na sasa wanne wanapaswa kufanya kazi ya watano. Watu humwona mwenye pupa na mchelewaji kuwa mahasimu, hali ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja hutumia uhai wa wenzake, na mwingine hutumia uhai wake mwenyewe kana kwamba si wa wenzake. Wote wawili wamesahau hesabu ya tano.

Ukali ulio mwema una mfano mashuhuri. Mwaka 2016, mjini Columbus katika jimbo la Ohio, kikosi cha Luminosity cha Brazili kilikutana na Liquid cha Marekani katika nusu fainali ya mashindano makubwa ya mchezo huu. Katika uwanja uitwao Mirage, Liquid walikuwa wamepata duru 15 na wapinzani wao 9, na wakati huo ushindi ulikuwa duru 16. Marcelo David, ajulikanaye kwa jina la coldzera, alikuwa akilinda sehemu moja kwa bunduki ya mdunguzi. Washambuliaji walipomiminika kwake, alipiga hata akiwa ameruka hewani, akawaangusha wanne katika duru hiyo. Luminosity walishinda, kisha wakatwaa kombe lenyewe, na Valve wakaweka picha ya mruko ule ukutani mwa uwanja huo uwe ukumbusho. Vijana wengi waionapo picha hiyo hutamani kuruka. Picha haiwezi kuonyesha kilichotangulia: kwamba aliyeruka alikuwa mahali alipopaswa kuwapo, na kwamba wenzake waliweza kulinda kwingine kwa kuwa walimwamini hapo. Mruko ule ulisimama juu ya subira.

Yawezekana mtu kusema kuwa maneno haya ni makubwa mno kwa jambo dogo, maana katika mchezo hapana afaye kweli. Pingamizi hili lina haki yake. Hapana mtu aliyepata kuwa shujaa kwa kubonyeza vitufe, na asiyeogopa risasi za kioo aweza kuwa mwoga kabisa mbele ya jambazi au mbele ya neno la kweli lipaswalo kusemwa. Lakini ijapokuwa kifo ni cha kubuni, wale wanne si wa kubuni. Wametoa saa ya maisha yao na imani yao kwa mtu ambaye hawamjui sura wala jina, ambaye pengine hawatakutana naye tena. Yeye naye ajua kuwa akiwatumia vibaya hapana atakayemwadhibu. Katika hali kama hiyo mtu hana shahidi ila nafsi yake, na atendalo hapo ni kipimo kimoja cha jinsi alivyo.

Basi kabla ya kwenda mbele au kubaki nyuma, mchezaji na ajiulize maswali mawili: je, wenzake wanajua alilokusudia? Na gharama yake italipwa na nani? Ajibuye maswali haya kwa unyofu aweza kukosea hesabu na kushindwa, wala si aibu, maana asiyekubali kushindwa si mshindani. Asiyejiuliza aweza kushinda kila usiku na bado akawa hasara kwa kila aliyepangwa naye.

Na ile methali ya wahenga ingali kweli: kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Ni busara kupenda kicheko nyumbani, na aliye hai ana la kufanya kesho. Ila kabla ya kukifurahia kicheko hicho, mtu na atege sikio kidogo, asikie kama hakuna kilio katika nyumba ya jirani aliyetangulia mlangoni akiamini kuwa anafuatwa.